Ghorofa Lililopiga Filimbi

Fundi seremala mmoja, watu wakimwita Msasa, alikuwa na ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake: hakuweza kuona kitu kitupu akakiacha kibaki kitupu. Ukuta mtupu aliupigilia rafu. Pembe tupu aliitia stuli. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa pikapu, bodi yake ya nyuma iko wazi kabisa, imekaa tu inatazama mawingu, unategemea nini?

Jina la Msasa hakulipata kwa sababu ya useremala, ingawa yeye ndivyo anavyosimulia. Alipewa na mkewe, kwa kuwa kila neno lenye miba likifika mdomoni mwake ilikuwa lazima lisuguliwe kwanza ndipo litoke. Kiti alichokitengeneza kikivunjika, "kimechoka." Mteja akingoja kabati mpaka akasahau alilitakia nini, "mbao inapumzika." Na ile pikapu, aliyoinunua kuukuu kwa muuza magodoro, yenye rangi mbili zisizosikilizana, yeye aliiita "gari la mtu mzima."

Alipopunguza kazi za karakana, alitangaza kwamba sasa ni zamu yake ya kutembea. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya tambarare, kwenye mji wa mlimani, na kila wakienda kumwona walilala sebuleni kwake juu ya makochi. Msasa akilala anakoroma, na kukoroma kwake si kwa kitoto. Asubuhi mkwe wake wa kiume aliamka macho mekundu kama mtu aliyepuliza kuni mbichi usiku kucha, akasalimia kwa adabu, akaenda kazini anayumba.

"Aibu hii nimeichoka," Msasa alisema. "Nitakwenda na nyumba yangu mgongoni kama konokono. Nitakoroma ndani ya mipaka yangu."

Basi akajenga. Na mtu asinyimwe haki yake: kujenga alijua. Kitanda kilijikunja kikawa benchi. Meza ilishuka kutoka ukutani, ikirudi huoni ilikotoka. Vikombe viliwekewa rafu yenye matundu, kila kikombe na tundu lake, ili gari likirukaruka visigombane. Mlango ulikuwa na kitasa cha shaba alichokiokoa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukikishika unajiona waziri. Ila kimo. Kijumba kilipanda kikalifikia paa la pikapu, kikalipita, kikaendelea kwenda juu kana kwamba hakuna aliyekumbuka kukiambia kisimame. Uso wake wa mbele ulikuwa bapa kama mlango wa ghala. Majirani walitoka kutazama, na mmoja akauliza kwa upole ujenzi wa ghorofa ya pili unaanza lini. Jina likaganda hapohapo. Kikaitwa Ghorofa, mpaka na Msasa mwenyewe.

Aliyekataa kucheka ni mkewe. Huyu alikuwa mshonaji, na alikuwa mrefu, mrefu wa kweli, kiasi kwamba wakipiga picha Msasa hutafuta kizingiti cha kupandia kwanza. Miaka yote ya ndoa alishonea kwenye kichumba cha uani chenye paa la mabati lililoinama upande, na kila alipoinuka kufuata uzi au pasi, bati lilimkumbusha kwamba lipo. Kipaji cha uso wake kilikuwa na kovu dogo ambalo halikupata nafasi ya kupona. Miaka yote hiyo pia alikuwa ameahidiwa kibanda cha kushonea mbele ya nyumba, chenye dirisha pana, wapita njia waone magauni yakining'inia. Na kila mwaka Msasa alikuwa "bado anatafuta mbao inayofaa."

"Kumbe mbao ilipatikana," mkewe alisema siku Ghorofa lilipokamilika. Mikono ilikuwa kiunoni.

"Mama watoto, hii ni mbao ya aina nyingine kabisa."

"Naona. Ya aina ya kupanda gari." Akalitazama lile jengo kutoka chini hadi juu, na hata yeye ilibidi ainue shingo. "Mimi humo sikanyagi. Hata mvua ya mawe ininyeshee, nyumba yako hiyo sikanyagi."

Na hakukanyaga. Mumewe akiwa ndani anasugua kitu kilichokwisha kusuguliwa, mkewe aliligonga Ghorofa ubavuni kwa mpini wa mkasi, akasema chai iko tayari, akaondoka.

Hayo yangekuwa mambo ya nyumbani yakaisha, kama si petroli.

Zamani pikapu ilikuwa mla haba. Msasa alizoea kujisifu kwamba gari lake hunusa tu mafuta, halinywi. Baada ya kuvikwa Ghorofa alikwenda nalo mji wa jirani, kwa barabara kuu, na mshale wa mafuta ukashuka mbele ya macho yake kama mtu aliyeitwa chini kwa haraka. Alidhani kifaa kimeharibika. Akajaza, akaenda tena, ukashuka tena. Haikuchukua muda wahudumu wa kituo cha mafuta wakaanza kumpokea kwa ile heshima wanayowawekea wenye malori.

Akampelekea shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mkewe, fundi magari, mwembamba, maneno yake machache lakini yote yana meno. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akaifunga.

"Injini haina neno, shemeji. Neno liko mgongoni."

"Uzito?"

"Uzito kidogo. Kubwa ni kimo. Unakwenda kifua mbele unasukumana na upepo." Akapanda tairi, akaweka kiganja ubavuni mwa Ghorofa, usawa wa dirisha. "Kata hapa. Utaona."

"Upepo haunywi petroli."

"Haunywi. Unakushika shati tu. Wewe ndiye unayekunywa ili uuponyoke."

Msasa alikisukuma kiganja cha shemeji kikatoka ubavuni, kana kwamba kingeacha doa. "Uzito nitautoa wote unaotaka. Kimo sigusi."

"Kwa nini?"

"Kimo ni kimo."

"Hilo si jibu, shemeji."

"Ndilo nililonalo leo."

Alirudi nyumbani akachukua keekee. Mtu mwingine angetoa vyombo viwili vitatu, mambo yaishe. Msasa ni seremala, na seremala akiambiwa uzito anaona mbao iliyozidi. Akaanza kutoboa. Alitoboa mbao za kitanda, rafu, benchi, na kuta za mbele na za ubavuni, juu kabisa chini ya paa, safu kwa safu, matundu mazuri yaliyolainishwa ukingo, ukitia kidole hakikwaruzi. Alitoboa hata ubao wa kukatia mboga. Aliutoboa mpini wa mwiko. Unga wa mbao aliufagia akaujaza gunia, akaliinua gunia mbele ya mkewe kwa fahari ya mvuvi.

"Unaona mzigo tuliokuwa tunaubeba bure?"

"Naona gunia," mkewe alisema, sindano iko mdomoni.

Kisha akalijaribu gari. Na hapo ndipo alipojidanganya kwa ufundi wake wote. Alizunguka mtaani, njia za vumbi, akikwepa mashimo na kuku, kwa mwendo wa mtu anayesindikiza wageni. Mshale haukutikisika. Akazunguka tena kwa furaha. Akarudi akitangaza kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba Ghorofa sasa linakunywa kidogo kuliko pikapu ilivyokuwa haina kitu, jambo ambalo hata kwa Msasa lilikuwa limesuguliwa kupita kiasi.

Mkewe alimsikiliza wakati wa chai mpaka akamaliza. Shemeji alikuwepo, amefuata chai.

"Twende kwa binti," mkewe alisema. "Pikapu tupu ilikuwa inafika huko kwa tangi moja na kubakiza. Jaza tangi. Likitufikisha mlangoni kwake, mimi sitalitaja tena hilo jengo lako, na utatembea nalo mpaka uchoke. Likikauka njiani, jengo ni langu. Linashuka kwenye gari, linakaa mbele ya nyumba, nashonea humo."

Msasa aliweka kikombe chini. Alikuwa akilala ndani ya Ghorofa hilo tangu lilipokamilika, likiwa bado uani, akiota barabara. Lakini mtu aliyejisifu mtaa mzima atarudi nyuma kwa njia gani?

"Na usipoingia humo, utasafiri wapi?"

"Mbele. Kati yetu atakaa ndugu yangu, awe refa."

"Mimi nimefuata chai tu," shemeji alisema.

Kuhusu mafuta ya akiba, mshonaji alijua anaishi na nani. Alilichukua dumu la petroli, akalivisha gunia, akalishona mdomo kwa uzi mwekundu, mishono midogo ya karibu karibu ile anayoiwekea shingo ya gauni la bibi harusi. "Sasa lifungue," alimwambia mumewe, "halafu ulirudishie hivi hivi. Nione."

Waliondoka asubuhi, tangi limejaa mpaka kizibo kinanuka. Shemeji alibanwa katikati, gia ipo kati ya magoti yake, dumu lililovaa liko miguuni. Mtaani mambo yalikuwa mazuri. Msasa alipunga mkono kama mgombea. Wakaingia barabara kuu, akaongeza mwendo, akaongeza tena, ndipo nyuma yao kikasikika kitu.

Kwanza kilikuwa kama birika linalokaribia kuchemka mbali. Kisha kikapanda. Sauti ya pili ikaifuata ya kwanza, nyembamba zaidi, na ya tatu, mpaka Ghorofa zima, kutoka kila tundu lililolainishwa ukingo, likawa linapiga filimbi. Ng'ombe waliokuwa malishoni waliinua vichwa vyote kwa pamoja. Mwendesha baiskeli alishuka, akasimama kando, akavua kofia.

"Ni nini hiyo?" mkewe aliuliza.

"Mbao inazoea," alisema Msasa.

Kwenye daraja askari wa barabarani aliwapungia wasimame. Alizunguka gari mara moja taratibu, akarudi dirishani.

"Mzee, nimesikia king'ora toka huko. Umembeba nani?"

"Hakuna mtu, afande. Ni kitanda na vikombe."

"Na anayepiga filimbi?"

Shemeji alijinyoosha kutoka katikati. "Ni upepo, afande. Anayepiga filimbi ndiye anayekunywa petroli yake. Nilimwambia, hakunisikia. Sasa upepo umekuja kumwambia mwenyewe."

Askari alilitazama Ghorofa, akautazama mshale wa mafuta, ambao tayari ulikuwa umeshuka vibaya, akasema kwa huruma ya kweli, "Nendeni polepole."

Ushauri ulikuwa mzuri kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Msasa alipokwenda polepole filimbi ilinyamaza na mshale ukatulia, na ndipo akaelewa, kimya kimya, alichokipima mtaani kilikuwa nini. Si matundu yaliyomsaidia, ni mashimo ya njia yaliyomlazimisha aende taratibu. Alishikilia usukani akaitambaza pikapu kando ya tambarare, malori yakimpigia honi, mabasi yakimpita, vipepeo nao hawakuwa na shida naye.

"Kwa mwendo huu," mkewe alisema, "mjukuu wetu atatupokea ana ndevu."

"Safari ni kutazama nchi, mama watoto."

"Kile kichaka nimekitazama. Nimekimaliza."

Hata hivyo angeshinda. Semeni mnavyotaka, kwa mwendo ule angeshinda, na shemeji alikiri hivyo baadaye. Mlima ulishaonekana, mafuta bado yapo ya kutosha. Kilichomponza ni lori la kabichi. Lilikuja nyuma, likamkaribia, likawa sambamba, na wapakiaji waliolala juu ya kabichi wakajiinua kwa viwiko.

"Mzee," mmoja akaita, "hicho choo unakipeleka wapi?"

Choo. Chenye kitasa cha shaba. Shemeji aliona mguu wa kulia wa Msasa unakwenda chini, akasema, "Shemeji, usi—," lakini filimbi ilikuwa imeshaanza. Walilipita lori la kabichi kwa sauti ambayo wale wapakiaji bila shaka bado wanaisimulia. Msasa aliwapungia. Aliendelea kukanyaga hata baada ya lori kupotea nyuma, uso umenyooka, Ghorofa likiimba kwa matundu yake yote, mpaka wakaanza kupanda mlima. Hapo mji wa binti ukatokea juu yao, na tangi la maji la mji, na mabati yanayong'aa, karibu kabisa. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikaomba radhi, ikazima.

Lori la kabichi likawafikia, likawapita. Kwa heshima ya msiba, wale vijana wakainamisha vichwa.

"Refa," mkewe alisema.

"Limekauka," alisema shemeji. "Pole, shemeji. Kweli nakwambia pole."

Msasa aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kwa sauti ambayo haikupigwa msasa hata kidogo alisema, "Basi ni lako."

Mkewe alishuka. Mkasi wa kukatia ile mishono ulikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba Msasa alikuwa ameupakia ndani ya Ghorofa. Msasa alifanya haraka ashuke amletee.

"Kaa. Ni kwangu sasa. Mwenye nyumba haapi kutoingia kwake."

Alizunguka nyuma, akashika kitasa cha shaba, akafungua, akapanda. Alipanda kama alivyozoea kuingia kila mahali: magoti yamelegea, shingo mbele, kiganja cha mkono kimetangulia kwenye kipaji kupokea pigo. Pigo halikuja. Akasogea mbele zaidi, bado ameinama. Halikuja. Akanyoosha magoti kwa mashaka. Akanyoosha mgongo. Akanyoosha shingo, kilemba na vyote, akasimama katikati ya kile kijumba wima kama alivyoumbwa, na kati ya kilemba na paa palibaki nafasi ya kiganja. Alikipitisha kiganja hapo. Akakipitisha tena.

Nje, wanaume wawili walingoja mkasi. Mkasi haukuja.

"Msasa," ilisema sauti kutoka ndani. "Njoo hapa."

Akaenda akasimama chini ya mlango.

"Hiki kimo ulikitoa wapi?"

"Mbao ziliuzwa kwa urefu huo."

"Usinisugue. Nguzo zote umezikata, naona msumeno ulipopita. Na hapa kwenye mwimo wa mlango kuna alama ya penseli na pini yangu. Kipimo hiki nakijua kuliko jina langu. Hili ni gauni langu la bluu, pamoja na kilemba."

Msasa alitazama mlima, tangi la maji, alama za kwato za ng'ombe zilizokauka barabarani. Shemeji, mtu wa adabu, aligeuka akaanza kukagua tairi lisilo na tatizo.

"Nilikuwa nakuona ukitoka kwenye kile kichumba cha uani," Msasa alisema, "umeshika kichwa. Kila siku unatoka umeshika kichwa. Nikasema pawepo hata mahali pamoja."

"Na kwa nini usinijengee hapo mahali nyumbani, kama ulivyoahidi?"

"Ningekujengea kibanda usingetoka tena humo. Nilitaka usimame wima mahali ambapo hakuna cherehani." Akafikiri kidogo, ile hali yake ikamrudia. "Halafu kuna mbao zilibaki."

Mkewe alikaa kwenye benchi lililojaa matundu, akasimama tena, kwa raha tu ya kusimama. Kisha akachukua mkasi, akashuka, akakata mishono myekundu mmoja mmoja, na petroli ikaingia.

Walipofika kwa binti, wakiwa wamelakiwa na kubusiwa na kuulizwa kelele ile ilikuwa ya nini, Msasa alianza kufungua boliti zinazolishika Ghorofa kwenye bodi. Ahadi ni ahadi. Mkewe alimkuta ana spana mkononi.

"Nani amekuambia ufungue?"

"Si linashuka? Si ni lako?"

"Ni langu. Ndiyo maana nauliza." Akapanda tairi kama ndugu yake alivyopanda, akaweka kiganja pale pale, usawa wa dirisha. "Kata hapa."

Msasa akamtazama kama aliyemtukana mama yake. "Utagonga kichwa."

"Gari likitembea, mimi nakaa mbele. Sina haja ya kusimama humo ndani. Likisimama ndipo nataka kimo changu. Wewe ukitengeneza sanduku, kifuniko chake hakiinuki?"

"Kinainuka."

"Basi inua paa. Weka bawaba. Pembeni nitashona turubai, likishuka lijikunje, likipanda lisimame. Au mpaka nikuchoree?"

Hakuna fundi anayependa kuambiwa jambo kama hilo akiwa ameshika spana. Lakini alikata. Alikata uani kwa mkwe wake, akilalamika kwa kila mkwaruzo wa msumeno, na mkewe alishona turubai kwa cherehani ya binti, na Msasa akayaziba matundu kwa vijiti na gundi, akayapiga msasa mpaka huwezi kujua yalikuwepo. Paa likashushwa. Ghorofa likawa fupi, limejikunyata nyuma ya kichwa cha pikapu kama paka kwenye upepo. Usiku Msasa aliliinua paa, akalala humo, akakoroma ndani ya mipaka yake, na mkwe akaenda kazini asubuhi amenyooka.

Kurudi, wakiwa na tangi moja, walikwenda mwendo wa kawaida wa watu, wakafika nyumbani na mshale bado una la kusema. Shemeji alikigonga kioo cha mshale kwa kidole kuhakikisha. Msasa aliwaambia majirani kwamba yote aliyapanga toka mwanzo, kwamba fundi wa kweli hujenga juu kwanza ndipo akajua pa kukatia.

Siku hizi wasiposafiri pikapu hukaa mbele ya nyumba, paa limeinuliwa, dirisha wazi, magauni yamening'inia, na mkewe anashonea humo akiwa amesimama anapotaka. Kovu la kipaji limekauka. Wakisafiri anateremsha cherehani kwa mikono yake mwenyewe, na kuiacha nyumbani.

Limebaki tundu moja. Liko mahali fulani mbele, Msasa amelitafuta kwa kidole, kwa mshumaa, kwa moshi, halionekani. Wakiingia barabara kuu na yeye akajisahau, akakanyaga, linaanza kulia, sauti moja nyembamba.

"Nitalipata tu," husema.

"Hilo liache," husema mkewe, macho barabarani. "Punguza mwendo."